Nusu ya Kidonge

Mwanangu Zuhura,

Humu usitafute habari za sweta wala baridi ya Mbeya. Mama yako amezisema juzi, akazirudia jana, na kesho stendi atazisema tena, nami simpokonyi mtu kazi yake. Umekwenda Kaole kumuaga shangazi yako, na mimi namjua dada yangu: hakuachi mpaka ule, unywe chai, kisha ule tena. Kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika. Nimekaa kwenye meza ya chakula na miwani yangu, na mama yako amefunga mlango wa jikoni ili nisipate kisingizio cha kwenda kuonja.

Ninalotaka kukuambia linahusu dawa zako, na ile siku uliyoanguka paredi ukiwa kidato cha pili. Wewe unaijua habari ile kwa namna moja. Mimi naijua kwa namna nyingine, na nimekaa nayo miaka sita. Ningekuambia kwa mdomo, lakini nikianza jambo zito huishia kutania, unanijua. Kalamu hainichekei.

Nianze na panya, maana bila wao hutaelewa nilivyokosea.

Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako kwamba baba yako ni daktari wa panya. Haikuwa kweli, ila nilipenda ilivyosikika, sikukusahihisha. Mimi ni mwangalizi tu. Dawa mpya, kabla haijafika kinywani mwa mtu, lazima ijulikane inafanya nini kwenye ubongo na mishipa ya fahamu: inalevya? Inatetemesha? Inalegeza miguu? Inaleta usingizi usio wake? Panya weupe hupewa dawa hiyo, nami kwa miaka kumi na tisa sasa nalipwa kuwatazama na kuandika ninachokiona.

Bibi yako, Mungu amrehemu, hakuielewa kazi hii mpaka anaingia kaburini. Babu yako alikuwa na duka la vitambaa mjini hapa, na baba yake kabla yake, halafu mtoto wao wa kiume akaenda kulea panya. "Wenzio wanawatega," aliniambia, "wewe unawaandalia chakula!" Siku nilipomweleza kwamba panya wangu wanalala kwenye maranda safi na wanakula kwa ratiba, alimgeukia mama yako akamwambia, "Basi nawe kaombe nafasi ya upanya, utakula kwa wakati."

Kazi yenyewe ni ya subira. Unamtoa panya kizimbani taratibu, unamweka kwenye sinia pana, unahesabu anasimama mara ngapi kwa miguu ya nyuma kunusa hewa. Unatazama anavyotembea, kama anayumba, kama anaburuta mguu. Unagonga kijiti kuona kama anashtuka. Unampa waya aukamate, unamvuta kidogo, unapima nguvu za vidole vyake. Unamlaza chali uone anageuka upesi kiasi gani. Kuna na kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote: unampaka wino kwenye nyayo za nyuma, unamwachia kutoka kimo cha futi moja aangukie karatasi, kisha unapima umbali kati ya alama mbili. Panya mzima hutua miguu ikiwa pamoja. Aliyelegezwa na dawa hutua ameitanua. Mashati yangu mawili mama yako aliyafanya matambara kwa sababu ya wino huo.

Lakini kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba anayetazama hatakiwi kujua panya yupi amepewa dawa na yupi amepewa maji matupu. Vizimba vina namba tu. Orodha anayo mkuu wetu, Daktari Neema, kwenye droo yenye kufuli. Mwaka wangu wa kwanza nilijiona natukanwa. Nikamuuliza, "Kwani Daktari, unaogopa nitakula njama na panya?" Akacheka mpaka akavua miwani. "Bwana Saidi," akasema, "ukishajua kwamba huyu amemeza dawa, utamwona anayumba hata akiwa amelala."

Nikaitikia, "Nimekuelewa, Daktari." Sikuwa nimeelewa kitu.

Nikueleze na kosa langu la kwanza pale kazini, maana lina uzito wake katika habari hii. Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi niliwatazama panya wangu, wakawa wazima kabisa, wanazunguka sinia kana kwamba wanakagua shamba. Saa sita nikaenda nyumbani, nikavaa kanzu ambayo mama yako alikuwa ameifukiza udi, nikaenda kuswali. Nilirudi kazini, nikavaa koti la maabara juu ya kanzu ileile, nikaingia chumba cha panya. Hakuna aliyesimama. Wote wamejikunyata pembeni, wanatetemeka, wanachafua sinia kwa woga. Nikaandika yote kwa mwandiko mzuri: anatetemeka, hasimami, hatembei. Nilijiona bingwa. Dawa mbaya nimeikamata!

Daktari Neema aliingia, akasimama mlangoni, akanusa.

"Nani ametia manukato?"

"Si manukato, Daktari, ni udi. Leo Ijumaa."

"Panya wako hawaendi Ijumaa, Bwana Saidi."

Panya, mwanangu, anaishi kwa pua yake. Harufu ngeni humtia hofu kuliko fimbo. Niliona aibu, lakini palepale nilikiri kwa maandishi kwamba maelezo yote ya mchana ule yameharibiwa na mimi. Kazi ya siku nzima ikarudiwa wiki iliyofuata, na panya wote, wenye dawa na wasio na dawa, wakatembea vizuri. Tangu hapo kanzu yangu ya Ijumaa hutundikwa kwenye kibanda cha mlinzi, naye hunishukuru kwa kumnukishia kibanda.

Nimekusimulia hayo ili ujue kwamba kwa panya nilisema ukweli siku ileile.

Kifafa kilikuanza ukiwa na miaka kumi na miwili. Maneno ya majirani unayakumbuka, siyarudii. Tulikupeleka hospitali, ukaandikiwa vidonge viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na ukatulia. Ulipofika kidato cha pili daktari akakubadilishia, akakupa vipya vyenye nguvu zaidi. Akatuonya kwamba vinaweza kuleta usingizi na kupepesuka kidogo, na kwamba tukiona hivyo turudi kwake kabla ya kufanya lolote. Nilisikia "usingizi" na "kupepesuka". Ile ya "turudi kwake" sijui ilipita sikio gani. Maneno yale mawili, Zuhura, ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta kwa panya kila siku ya Mungu. Nikarudi nyumbani kuyatafuta kwako.

Nilinunua daftari la kurasa mia. Nikawa nakutuma dukani ili nisimame dirishani nikuone unavyorudi. Nikawa naangusha kijiko nyuma yako kwa makusudi nione kama utashtuka, nawe ukawa unasema, "Baba, siku hizi mikono yako imelegea!" Nikamwomba mama yako akuachie wewe kukamua tui, ili nitazame nguvu za vidole vyako. Ukiwa umelala nilikuwa nakuja mlangoni kuhesabu pumzi. Yote hayo niliyaandika, na alama nikaweka, kama nilivyozoea. Usiseme sikukupenda. Nilikupenda kwa njia pekee niliyofundishwa, na ilikuwa njia ya kipuuzi.

Kwa wiki mbili daftari likajaa: anasinzia mezani. Anaburuta mguu. Anasinzia tena. Nikajiambia, naam, mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ndiye mtaalamu nyumba hii.

Kidonge cha asubuhi ulikuwa ukimeza mwenyewe kabla ya kwenda shule. Cha jioni kilikuwa kikikukaba, kwa hiyo nilikuwa nakisaga kwa mgongo wa kijiko, nakichanganya na asali, nakulisha mimi. Jioni moja nilikikata kwa wembe kabla ya kusaga. Nusu nikaitia kwenye asali. Nusu nikaitia mfukoni.

Sikumwambia mama yako. Sikumuuliza daktari. Kwa siku ishirini ulikula asali yenye nusu ya dawa yako, ukalamba kijiko, ukasema, "Ahsante, Baba."

Siku ya ishirini na moja ukaanguka paredi, mbele ya shule nzima, ukapasuka hapo juu ya nyusi ya kushoto.

Hospitali walikupima damu. Daktari akasema dawa iliyomo ni kidogo mno, kisha akakugeukia wewe. Sikugeukiwa mimi. "Unaacha kumeza?" Ukasema humezi chini ya viwili. Akakuuliza tena, kwa ukali. Ukamtazama mama yako, ukanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na beseni la kunawia, umbali wa hatua mbili kutoka kwako. Ukainamisha kichwa ukasema, "Labda za asubuhi. Labda huwa nasahau." Ulikuwa na miaka kumi na minne, na bandeji usoni. Naye akaandika.

Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: ni mimi niliyepunguza, Daktari. Sikuyasema. Mtu ambaye kazi yake ni madhara ya dawa, ningeanzaje kusema kwamba nimemkata mtoto wangu dawa kwa wembe wa kunyolea? Niliogopa kuonekana mjinga, nikakuacha wewe uonekane mzembe. Hakuna namna nzuri ya kuliandika jambo hilo, nimelijaribu kwenye karatasi tatu kabla ya hii.

Usiku ule nilikupa kidonge kizima, na kila siku baada yake. Hujaanguka tena, alhamdulillahi. Nikajiambia kwamba mambo yamejirekebisha yenyewe, ya nini kuyachokonoa. Lakini hayakujirekebisha, maana wewe uliondoka hospitali pale na jina jipya. Ukaanza kuweka kengele tatu kwenye simu. Ukaanza kutia alama kwenye kalenda ya ukutani, na bado jioni unamuuliza mama yako, "Hivi leo nimemeza?" Walipokutania shuleni hukujitetea, ulisema ni kosa lako. Na mwaka jana ulipopata nafasi chuoni Mbeya ukaikataa, ukasema mtu msahaulifu kama wewe hawezi kuishi mbali na kwao; mwaka huu wamekuita tena, ukakubali kwa hofu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakula. Niliendelea kula. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu ulikuwa umeshafika linta.

Wiki iliyopita ndipo uliponivunja. Ulikuwa uani unaongea na binamu yako kwenye simu, unambembeleza awe anakupigia kila asubuhi utakapokuwa Mbeya. Nikakusikia unasema, "Nipigie tu, maana mimi siaminiki." Ulilisema kwa kucheka, kama mtu anayetaja urefu wake. Nikaingia chooni nikalia, nikafungulia bomba ili msisikie.

Nilianza na mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote, tangu daftari mpaka wembe. Vidole vyake vikaendelea kutafuta chuya. Nikadhani hajanisikia. Mwisho akasema, "Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kusoma, Saidi. Mitihani ilikuwa karibu. Ndiyo maana alikuwa anasinzia."

Nikasema, "Na mguu je? Alikuwa anauburuta, niliuona kwa macho yangu."

"Viatu," akasema. "Vilikuwa vya binamu yake, vimemzidi saizi mbili. Nilimwekea vitambaa mbele." Kisha akaweka ungo chini akanitazama. "Ungeniuliza."

Miaka sita, Zuhura, nilikuwa najifariji kwamba angalau nilichokiona kilikuwepo. Kwamba nilikosea dawa lakini sikukosea macho. Kumbe hata hicho hakikuwepo. Nilijua umemeza, nikakuona unayumba, vilevile kama Daktari Neema alivyoniambia mwaka wangu wa kwanza. Ningemkuta mtoto wa jirani amevaa viatu vile ningecheka tu.

Mama yako alininyima chai mpaka baada ya Isha. Halafu akanipa chai, ikiwa na sukari, nikajua nitaishi.

Huko uendako watakuwepo watu watakaojua habari ya kifafa chako kabla hawajakujua wewe. Watakuona umechoka hata ukiwa umekaa tu unawaza chakula. Usiwachukie, baba yako mzazi alifanya hivyohivyo akiwa na mafunzo na koti jeupe. Wewe waambie umevaa viatu gani. Atakayekupenda atauliza. Mimi sikuuliza, na nililipenda lile daftari langu kuliko jibu lako. Liko chini ya barua hii. Lichome ukitaka, au likae uwachekeshe wanao. Mimi silitaki tena, na vijiko vya nyumba hii vimepumzika.

Jumatatu nilikwenda kliniki kuchukua barua yako ya kupeleka Mbeya. Daktari aliyepo sasa ni kijana, mstaarabu, aliniamkia shikamoo kabla sijakaa. Alikuwa amenakili kutoka kwenye faili lako la zamani, na mstari wa tatu nikausoma kichwa chini kutoka upande wangu wa meza: mgonjwa ana tabia ya kusahau dawa. Nikamwambia mstari huo si kweli. Akaniuliza nimejuaje. Nikamweleza, wembe na asali na siku ishirini. Aliweka kalamu chini.

"Mzee, miaka yote hii. Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu anaondoka na mstari huo," nikamwambia.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alifungua faili, akapiga mstari mmoja juu ya yale maneno, bila kuyafutilia mbali, maana maandishi ya namna hiyo hayafichwi, yanakatwa yakiwa yanasomeka. Pembeni akaandika kwamba dawa ilipunguzwa na baba wa mgonjwa, bila ushauri, na bila mgonjwa kujua. Akatia sahihi na tarehe. Nikamwomba na mimi niweke jina langu. Akasema si utaratibu. Kisha akanitazama, akanisogezea kalamu.

Nilipotoka pale nilinunua nanasi la Kiwangwa, nikamwambia muuzaji alimenye lote, nikalila peke yangu nimesimama kando ya barabara, maji yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Watu wananipita wanasema, "Mzee Saidi, taratibu!" Sijui nilikula kitu kwa raha namna ile lini mara ya mwisho. Nimefurahi, mwanangu, sikufichi. Naona aibu na nimefurahi, vyote vinakaa pamoja bila kugombana, na usiku nalala mpaka mama yako analalamika kwamba nakoroma.

Nilifikiri nikupe barua hii ukiwa umeshapanda basi. Nikaona ni woga uleule umevaa nguo nyingine. Utaikuta kitandani kwako leo, kabla ya safari, nami nitakuwa barazani. Ukitaka kunigombeza, anza hata kabla ya kuvua viatu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza mpaka Mbeya, na mpaka utakapochoka. Nitapokea na hilo. Msamaha wako siudai, utakuja wenyewe kama una njia.

Barua ya daktari, aliyoiandika upya bila mstari ule, iko kwenye bahasha ya kaki, haijafungwa, isome. Na mpigie binamu yako umwambie asijisumbue kukuamsha. Umemeza dawa asubuhi na jioni kwa miaka minane, na kila ulichopewa ulikimeza. Yule msahaulifu uliyekuwa unaogopa kwenda naye Mbeya hayupo, Zuhura, wala hajawahi kuwepo. Tulimtunga watu wawili, mimi kwa kunyamaza na wewe kwa kuniheshimu.

Baba yako,
Saidi